Mbavu Kumi na Mbili za Kasri

Ukimsalimu Fundi asubuhi, alikujibu kwa habari za nyumba ambayo hakuwahi kuiona. "Leo kuna upepo," angesema, akinoa patasi mlangoni pa karakana yake kule Sarang'ombe, Kibera. "Madirisha ya chini watakuwa wamefunga. Ya juu hayafungwi." Wewe umekuja na mguu wa kiti uliovunjika, una haraka zako, naye anakueleza ni dirisha gani limefungwa katika kasri la sultani, ukingoni mwa bahari, Istanbul. Wageni walidhani ana kasoro kichwani. Sisi tuliomzoea tulingoja amalize, kisha tukamwonyesha mguu wa kiti.

Nilimjua karibu miaka yote ya tisini. Naandika habari zake nikiwa nimechoka, na sioni haya kusema hivyo, maana kazi ya kufundisha watoto wadogo Kibera humchosha mtu hata akiwa amelala. Lakini kuna uchovu mwingine nilioubeba kwa ajili yake. Alinipa kitu nimtunzie, nikashindwa, halafu nikamdanganya kwa zaidi ya mwaka kwamba kipo. Kwa hivyo asitegemee mtu kwamba nitamsifu mwanzo hadi mwisho. Nikimsifu sana nitaonekana najitetea.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Watu wazima walimwita Fundi. Vijana walimwita Fundi wa Sultani, kwa kumcheka, naye aliitikia yote mawili kwa sauti ile ile.

Nyumba yenyewe aliipata kwa mzee aliyemfanyia kazi kabla hajahamia Kibera. Wakati huo Fundi alikuwa akiishi Kawangware, na kila asubuhi alitembea hadi Lavington, kwa mzee mmoja aliyekuwa mchoraji wa ramani za majengo. Mzee huyo alizaliwa katika mji ule wa Istanbul na kuuacha ujanani, kwa sababu ambazo hakuwaeleza wafanyakazi wake. Fundi aliajiriwa kurekebisha milango na makabati. Akajikuta amekaa meza moja na mzee kwa miaka kumi na moja, akimchongea vijiti vidogo vya mfano wa kasri moja tu. Mzee alikuwa amelipima kasri hilo akiwa mwanafunzi, amekaa ndani ya mashua na kamba yake, na uzeeni hakuchora kitu kingine chochote.

Mzee alipokufa, akiwa na karibu miaka tisini, watoto wake walikuja kutoka ng'ambo kuuza nyumba. Wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja achague kitu cha ukumbusho. Mke wa Fundi, ambaye nilimkuta bado hai, alinisimulia mwenyewe siku hiyo. "Mpishi alitoka na friji. Askari wa geti alitoka na baiskeli. Huyu wangu alirudi na karatasi, tena ameikunja vizuri kama cheti cha ndoa. Nilimpikia, lakini hiyo siku sikumwongelesha."

Karatasi hiyo ndiyo iliyotundikwa ukutani pa karakana, ndani ya nailoni, mbali na vumbi la mbao. Ilionyesha kasri limekatwa katikati, kama mkate, ili uone ndani. Sehemu ya chini ilikuwa ya mawe, na tao pana ambamo mashua iliingia moja kwa moja kutoka baharini. Juu ya mawe palikaa chumba cha mbao, nacho kilikuwa kikubwa kuliko msingi wake, kimetokeza juu ya maji pande tatu, kikibebwa na mbao za mshazari. Paa lilitokeza kupita kuta kwa kiasi ambacho mvua haikuweza kugusa dirisha. Madirisha yalikuwa safu mbili. Ya chini yalianzia karibu na sakafu, kwa sababu watu wa kule walikaa chini juu ya mito, na mtu aliyekaa chini naye ana haki ya kuona maji. Ya juu yalikuwa ya vioo vya rangi, si ya kuchungulia, kazi yake kuingiza mwangaza tu.

"Na si ikulu," Fundi alipenda kunikumbusha, kana kwamba nilibisha. "Ikulu iko nyuma, kwa kilima. Hii ni pahali pa kukaa tu. Sultani anakuja, anakaa, anaona mashua zikirudi. Hakuna kitanda hapo ndani."

Kulikuwa na chemchemi ndogo katikati ya chumba, ya marumaru, ambayo maji yake yalipiga kelele ili aliyesimama nje ya mlango asisikie yanayosemwa ndani. Hiyo ilimfurahisha sana Fundi, aliyeishi miaka yote nyuma ya kuta za mabati ambapo jirani akikohoa unamwambia pole. Lakini kilichomshika moyo hasa kilikuwa juu. Ukilitazama kasri kutoka nje uliona paa la kawaida, la pembe nne. Ukiingia ndani na kuinua macho, ulikuta kuba, duara kamili, limepakwa rangi za buluu na nyekundu na dhahabu, limejificha chini ya lile paa. Hakuna aliyepita kwa mashua angelijua.

"Nje ni ya serikali," alisema akigonga karatasi kwa kucha. "Ndani ni yako." Alisema hivyo juu ya mambo mengi, hata juu ya tumbo lake.

Alizungumza juu ya kasri hilo kama jengo lililosimama. Siku zote alisema iko. Kasri iko na milango minne, kasri iko na moshi kidogo asubuhi. Sikuwahi kumsikia akisema ilikuwa, na sikuona ajabu yoyote, kwa sababu sikuwa na la kujua kuhusu Istanbul.

Tabia zake nyingine zilikuwa za kuudhi. Hakuwa na tepu ya kupimia. Yule mzee alimwambia kwamba zamani, kule, mafundi walipima kwa mkono, na tangu siku hiyo Fundi aliweka tepu chini. Alipima kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na alipima kila kitu mara mbili, kwa sababu kipimo cha mara moja hakukiamini. Vitanda alivyotengeneza vilikuwa imara kupita kiasi na havikulingana na godoro lolote lililouzwa Nairobi. Mteja akilalamika, Fundi alilaumu godoro.

Hakupenda misumari. Alisema msumari ni mtu mkaidi, akiingia hatoki bila kuharibu, na kwamba kitu kinachojengwa Kibera lazima kiweze kufunguliwa kwa heshima siku ya kuhamishwa. Aliunganisha mbao kwa vigingi. Ajabu ni kwamba huyo huyo aliokota kila msumari uliopinda njiani, akaunyoosha kwa nyundo na kuuweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Nilipomuuliza wa nini, alisema ni wa vitu vya watu wasio na subira. Aliwahubiria watu subira, halafu akamfukuza mteja karakanani kwa kuuliza mara ya pili kama meza iko tayari. Na alitujengea sote vizuri huku nyumba yake mwenyewe ikiwa imeegemea nguzo ya mkaratusi ili isianguke kwa jirani. Kanisani alilala kuanzia somo la kwanza, na akiamshwa kwa sadaka aliangalia dari kabla ya kumwangalia aliyemwamsha.

Shule yangu ya chekechea ilikuwa Soweto West, humo humo Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati kando ya kijito kinachoteremka kuelekea Dam, lile bwawa la chini ya mtaa. Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, ukuta wa upande wa maji ulilala chini. Siku hizo hukuweza kujenga kipya bila ruhusa ya chifu, na ruhusa tuliyopata ilikuwa ya kukarabati tu. Chumba kibaki palepale, kwa ukubwa uleule kikionekana kutoka njiani, na mabati yale yale yenye kutu yarudi juu. Wazazi walikata tamaa. Mimi nilikata tamaa kabla yao. Fundi aliisoma ile karatasi ya ruhusa mara mbili, akatabasamu.

"Wamesema nje," alisema. "Hawajasema ndani. Na hawajasema upande wa maji, huko hakuna njia."

Hivyo ndivyo kasri la sultani lilivyojengwa Soweto West. Kutoka njiani uliona kibanda cha mabati kama vingine vyote. Lakini upande wa kijito sakafu ilitokeza juu ya maji, imebebwa na mbao za mshazari za mkaratusi, na madirisha yalianza pale pale sakafuni, ili mtoto aliyekaa mkekani aone nje. Safu ya juu ya madirisha aliijaza vitako vya chupa za soda na bia alivyovishika kwa udongo, kijani na kahawia. Na katikati, chini ya mabati yenye kutu, alisimamisha kuba. Lilikuwa na mbavu kumi na mbili za mbao za saipras alizozipinda mwenyewe, kwa vipande vifupi vilivyoshikanishwa kwa vigingi, kila ubavu ukiwa na alama zake za patasi, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Nafasi kati ya mbavu tulizifunika kwa karatasi za mifuko ya simiti, tukapaka chokaa, na chokaa tukaichanganya na bluu ya kufulia. Wazazi walileta bluu vijiko viwili viwili, kila mtu alivyoweza. Niliposimama chini yake mara ya kwanza nililia, na sikujua nalilia nini, maana lilikuwa darasa tu.

Kosa lilikuwa mlango. Fundi aliufanya mikono mitatu kwenda juu, kama karatasi ilivyoandika, na mikono mitatu yake ilinifika mimi hapa, chini ya bega. Kila mtu mzima aliinama kuingia. "Mwalimu," mama mmoja aliniambia, "umetujengea shule ama nyumba ya kuku?" Fundi alikataa kuugusa. Alisema ukibadilisha mlango umebadilisha nyumba yote.

Ndipo baba wa wanafunzi wangu wawili, aliyekuwa msimamizi kwenye mjengo mmoja mjini, akaja kuangalia ile karatasi karakanani. Alicheka kwanza, kisha akaona haya. Chini ya mchoro kulikuwa na mistari miwili myembamba yenye vipande vyeusi na vyeupe. Fundi aliifikiria pambo. Kwa kweli aliipenda sana, na alikuwa ameichonga yote miwili juu ya mlango wa darasa, kazi ya siku mbili.

"Fundi, hii ni skeli, ya kupimia ramani," yule baba akasema taratibu. "Hii ya juu ni mita. Hii ya chini ndiyo inakuonyesha huo mkono wao ulikuwa mrefu aje. Ni kama wako na nusu, na kidogo tena juu."

Fundi aliitazama karatasi. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akauangalia kutoka kiwikoni. "Basi walikuwa watu warefu," alisema, akarudi kwenye randa yake. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Lakini kesho yake asubuhi alikuja akasimama nje ya darasa watoto wakiingia. Waliingia mmoja mmoja, wima, wakikimbia, hakuna aliyepunguza mwendo. "Angalia," aliniambia. "Hakuna mtoto anainama." Na ilikuwa kweli.

Mzee wa kijiji, yaani yule aliyekuwa macho ya chifu mtaani, alikuja kukagua siku ya Jumanne, watoto wakiimba a e i o u. Aliinama kuingia, kofia mkononi, na alipoinuka akaona juu. Alikaa kwenye benchi lililozunguka ukuta. Nikaendelea kufundisha bila kumwangalia, maana angeweza kusema neno moja na tungebomolewa kabla ya chakula cha mchana.

"Nani aliwaruhusu kuweka hii?" akamuuliza Fundi, aliyekuwa amemfuata hadi ndani.

"Kuweka nini, mzee? Si mabati ni ile ile mlisema?"

"Naongea ya ndani."

"Ya ndani tulikarabati."

Yule mzee alitazama juu tena. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Lakini huo mlango utaumiza mtu." Akatoka, na kweli akajigonga paji la uso. Baadaye alizoea kuja mchana, baada ya watoto kuondoka, akakaa tu karibu na dirisha la chini. Wazazi nao walianza kufanyia mikutano yao humo, kwa sababu kijito kilipiga kelele chini ya sakafu na aliyesimama njiani hakusikia neno. Fundi alisema hiyo ndiyo chemchemi. Kijito chetu kilikuwa na maji ya kila choo cha juu yetu, lakini sauti yake, nakiri, ilikuwa safi.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Aliyekuwa Kibera hahitaji kuelezwa. Ukingo wa kijito ulianza kumeguka, nguzo moja ya darasa ikabaki inaning'inia hewani. Macho ya Fundi yalikuwa yameshaanza kufifia. Alikuwa akitafuta ncha ya kigingi kwa kidole gumba. Alisimama katika matope akasikiliza maji, akasema tulifungue darasa lote, kigingi kwa kigingi, leo, kabla ya saa kumi.

Tulilifungua. Alikaa katikati ya chumba akitaja namba, na wazazi wakachomoa vigingi kwa mpangilio aliousema. Hakuna ubao uliopasuka. Kabla ya jioni ukingo ule ulianguka wote na maji yakapita pale watoto walipokuwa wakikaa jana yake. Nguzo zilienda kanisani, mbao za sakafu zikagawanywa kwa wazazi. Mbavu kumi na mbili zililetwa chumbani kwangu, kwa sababu nilikaa juu, karibu na reli, ambako hapakuingia maji. Fundi alikuja nazo. Alizipapasa moja moja, akazisimamisha nyuma ya kitanda changu juu ya gunia.

"Mwalimu," alisema, "hizo mbao zingine hata zikipotea, mtu atakata zingine. Hizi mimi siwezi kukata tena. Macho imekataa. Ziweke kavu. Mvua ikiisha, tutarudisha darasa."

Nikamwambia zitakuwa kavu. Wiki iliyofuata paa la karakana yake lilibebwa na upepo, na binti yake akaja kumchukua akakae naye Kawangware. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Fundi alivuka reli ameshikwa mkono, ile karatasi imefungwa kifuani ndani ya shati.

Sasa nifike mahali pangu. Watoto walihamia pembe moja ya kanisa. Wengi wao walikuja kwa ajili ya uji wa saa nne kuliko kwa ajili yangu, na kwa baadhi yao ulikuwa ndio mlo wa siku. Mvua haikukatika. Mkaa uliouzwa ulikuwa umelowa hadi ndani, mafuta ya taa hayakuwa yamefika kwa sababu barabara ilikatika. Siku ya kwanza bila moto niliwaambia watoto leo tutaimba. Siku ya pili tuliimba tena. Siku ya tatu nilikoroga unga kwa maji baridi, na mtoto mmoja wa kike, mdogo kabisa, akanywa kwa adabu kisha akatapika viatuni kwangu.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kitanda. Nyumba nzima haikuwa na kitu kikavu isipokuwa zile mbavu. Nilichukua ya kumi na mbili. Nilijiambia kumi na moja bado ni nyingi, Fundi atajua la kufanya. Saipras kavu huwaka vizuri sana. Nasema hivi kwa sababu nilitamani iwake vibaya. Kesho yake nilichukua ya kumi na moja, na kesho yake ya kumi. Nilichoma saba. Baada ya hiyo ya saba mkaa mkavu ukapatikana, na mimi nikakaa kitandani na zile tano zilizobaki nyuma yangu, nisiweze kugeuka kuziangalia.

Sikumwambia mtu. Kila aliyetoka Kawangware aliniletea ujumbe ule ule. "Fundi anakusalimia. Anauliza mbavu." Nami nilijibu, "Mwambie zipo." Tano zilikuwepo, kwa hivyo kila mara nilipata njia ya kujidai sikusema uongo. Mvua iliisha, mwaka ukaisha, na darasa halikurudi. Nikawa nasema tutaanza kiangazi. Kiangazi kikaja.

Mwaka wa tisini na tisa binti yake alifika kanisani wakati wa uji. Kanisa moja dogo la Kawangware lilikuwa limempa Fundi kiwanja kidogo kando ya mfereji, ajenge chumba cha watoto wa Jumapili. Alikuwa amepata watu wa kumshikia mbao. Alitaka mbavu zake. "Hata halali vizuri," binti akasema. "Ati niende nazo leo." Nikamwambia nitakuja mwenyewe kesho.

Nilimkuta alasiri amekaa barazani kwa binti yake, kwenye kigoda, akichonga mwiko. Siku hizo alichonga miko tu, kazi ambayo haikuhitaji macho. Mingine sita ilikuwa imelala miguuni pake juu ya gazeti.

"Ni Mwalimu," nilisema.

"Najua. Haujabeba kitu."

"Umejuaje?"

"Nasikia miguu. Mtu amebeba mbao haingii hivyo." Aliendelea kuchonga. "Ziko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Kibera, na yote yakaniishia. Nikakaa chini sakafuni mbele yake. "Fundi, nilizichoma. Ile wiki ya mvua. Hakukuwa na moto, na watoto walikuwa wanakuja. Halafu nimekudanganya."

Patasi ilisimama. "Zote?"

"Saba."

"Ulianza na gani?"

"Kumi na mbili."

"Ukaja ukirudi chini."

"Ndiyo."

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mwiko, polepole, akitafuta mahali palipokwaruza. Ndani ya nyumba binti yake alizima redio, nikajua na yeye anasikia.

"Na uji uliiva?" akauliza.

"Uliiva."

"Walikunywa?"

"Walikunywa, Fundi."

"Basi." Alipuliza vumbi la mbao gotini. Nilidhani amemaliza na mimi, nikaanza kuinuka. Akasema, "Hata ile ya kule waliipikia."

Sikuelewa.

"Kasri. Haiko. Haiko tangu zamani. Mzee aliniambia mwaka wa kwanza tu. Kulikuwa na vita kwao, na baridi, watu hawana kuni. Wakaanza kung'oa mbao. Sakafu, wakaenda madirisha, wakapanda juu. Yeye alikuwa kijana bado, ameshaipima na kamba yake. Mamake akamtuma na gunia, kama wengine. Akarudi na kipande cha kuba, iko na rangi ya buluu. Wakapikia supu." Aligeuza uso upande wangu, macho yake yakakosa kidogo mahali nilipokaa. "Ndio maana alichora hiyo nyumba mpaka akakufa."

"Lakini wewe ulisema iko. Miaka yote."

"Ningekwambia haiko, ungenipa darasa lako?"

Nisingempa, na yeye alijua. Nilijisikia mwepesi na mchovu kwa pamoja, na nikataka kulala pale pale sakafuni, katikati ya miko.

"Tano," alisema. "Tano si kuba. Lakini ukiegemeza kwa ukuta, ni nusu. Nusu inasimama. Utaleta?"

"Nitaleta kesho."

"Lete mkono."

Nilidhani anataka kuinuka, nikampa. Badala yake alikishika kiwiko changu, akaweka shubiri yake hapo, akaitembeza hadi ncha ya kidole changu cha kati. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka.

"Wangu haupimi tena," alisema. "Unacheza. Tutatumia wako." Akafikiri. "Lakini ni mfupi."

"Sasa hata watoto watainama," nikamwambia.

Ndipo akacheka, mabega yote, kicheko nilichokingoja tangu siku ya ile skeli. Hakuniachilia mkono. Alirudisha shubiri yake kiwikoni akaanza upya, kwa sababu kipimo cha mara moja hakukiamini.